Njia Zangu ni Mbili Tu

Shule ya Marekebisho ya Wasichana,
Bweni la Pili.
4 Februari

Kaka,

Mwalimu wa ushonaji anasema barua nzuri huanza na salamu, ikafuata hali, kisha dhumuni. Haya, salamu. Hali yangu njema. Dhumuni sina. Leo ni siku ya kugawiwa karatasi, kila mtu kainama anaandika, nikaona aibu kukaa mikono mitupu.

Kitanda changu ni cha juu, karibu na mlango. Wa chini yangu tunamwita Profesa, maana hakuna asichokijua isipokuwa kunyamaza. Ana miaka kumi na sita kama mimi. Aliiba simu kumi na moja, na anazitaja moja moja kama wanawe.

Kuna mama amekuja kutoka chuo kikuu. Anafanya utafiti juu yetu sisi watoto tuliovunja sheria, anataka kujua tunafikirije tukikwama. Tumempa jina Mama Kadi. Alinikalisha ofisini kwa matroni, akapanga kadi nne mezani, akanipa bunda zima. Zina nyota, duara na misalaba, za rangi mbalimbali, nyingine moja, nyingine tatu. Akasema, "Weka kila kadi chini ya ile unayoona inafanana nayo. Mimi nitasema sawa au si sawa, basi." Nikauliza inafanana kwa lipi. "Utagundua mwenyewe."

Nikagundua upesi: rangi. Nyekundu chini ya nyekundu. Sawa, sawa, sawa, mpaka nikaanza kujiona. Ghafla: si sawa. Nikaweka rangi tena. Si sawa. Kaka, niling'ang'ania rangi mpaka bunda likaisha. Ndipo akanieleza kuwa sheria ilibadilika katikati, ikawa maumbo, halafu idadi. Nikamwambia, "Umenidanganya. Hukusema imebadilika." Akaandika kwenye daftari lake. Nikamuuliza ameandika nini. "Hayo uliyosema," akajibu, wala hakukasirika. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Kitanda changu cha nyumbani usimpe mtu. Ulikuja Desemba mara moja tu. Jumamosi ya wageni ni ile ya kwanza ya kila mwezi, kama umesahau.

Mdogo wako,
Kiberiti

*

Chumba cha Kufulia, Hospitali.
19 Februari

Mdogo wangu Kiberiti,

Barua yako nimeisoma nimesimama, mashine namba tatu ikinguruma mgongoni. Nimeisoma tena wakati wa chai. Ukiandika, tumia anwani hii ya kazini. Kule nyumbani barua zinapotea.

Kazi ni ile ile. Shuka za wodi huja asubuhi kwenye matoroli, tunachambua: za damu kwenye maji baridi, nyingine kwenye moto. Mkuu wa zamu bado anahesabu vijiko vya sabuni kana kwamba tunavila.

Kitanda chako kiko pale pale dirishani. Nimekitandika shuka la maua. Usihofu.

Kuna jambo ni haki yako kulijua. Mama Mwenye Nyumba ametoka wodini. Jicho la kushoto halitaona tena. Daktari amesema hivyo, na mimi nilikuwepo.

Nitakuja Jumamosi ya kwanza ya Machi. Nitakuletea sabuni na madaftari.

Kaka yako

*

Bweni la Pili.
27 Februari

Kaka,

Usije. Kuna tetekuwanga hapa, wageni wote wamezuiwa. Sijui mpaka lini.

Kuhusu Mama Mwenye Nyumba sina la kusema. Yeye ndiye aliyeanza. Nilikuwa napiga pasi shati lako la kazi, akasimama mlangoni akamtukana mama yetu, mama ambaye hata mwaka hajamaliza kaburini. Ulitaka niitikie? Pasi ilikuwa mkononi, ikatoka. Hata wewe ulisikia alichosema.

Mama Kadi sasa anatukusanya kila Jumatano. Anatoa mkasa, sisi tunatafuta njia. Jana alisema: mtu amekukanyaga kwenye foleni ya chakula, hajaomba radhi, taja njia tano. Nikasema mimi njia zangu ni mbili tu, kumpiga au kuondoka. Na kuondoka ni woga, kwa hiyo ni moja. Profesa akataja nane, mojawapo ni kumuuliza yule mtu kama viatu vinambana. Walicheka wote. Mama Kadi naye alicheka, akaniambia, "Wewe leo nenda na hizo mbili. Wiki ijayo niletee ya tatu, hata kama ni ya kijinga."

Sijampelekea.

Kiberiti

*

Chumba cha Kufulia.
20 Machi

Mdogo wangu,

Nimekuelewa. Sitakuja mpaka uniite mwenyewe.

Madaftari nimeyatuma kwa posta.

Kaka yako

*

Bweni la Pili.
8 Mei

Kaka,

Barua hii nimeianza mara nne. Siku hizi matroni huzisoma zote kabla hazijatoka, kwa hiyo yeye anayajua haya tayari. Usiyejua ni wewe.

Hakukuwa na tetekuwanga. Siku niliyopata barua yako ya lile jicho, msichana mmoja aliniuliza mbona nimenuna. Nikachukua kigoda nikavunja dirisha la bweni, vioo vyote sita. Nikanyimwa wageni miezi miwili. Niliona bora udhani kuna ugonjwa kuliko ujue nimerudia. Nilijua ungechoka na mimi.

Adhabu iliisha Aprili. Jumamosi ya kwanza ya Mei nilisuka nywele, nikakaa kwenye benchi la wageni toka asubuhi mpaka walipokunja viti. Ndipo nikakumbuka ulisema hutakuja mpaka nikuite. Basi nakuita.

Halafu kuna hili. Shauri langu litapitiwa Juni. Nikipata mlezi mwenye makazi ninaweza kutoka. Matroni aliniuliza, nikamwambia bila kusita: kaka yangu ana kazi, ana chumba, kitanda changu kiko dirishani kimetandikwa shuka la maua. Akaandika yote. Afisa wa ustawi wa jamii atapita kukagua.

Kaka, fagia uvunguni.

Kiberiti

*

Chumba cha Kufulia.
15 Mei

Mdogo wangu,

Kwanza: nilikuja. Jumamosi ile ya Machi nilikuja hivyo hivyo, nikisema hata kama kuna ugonjwa nitakuona kupitia uzio. Mlinzi akaangalia orodha yake, akasema, "Huyu haoni wageni." Nikauliza na tetekuwanga je? Akanitazama kama mwehu, akasema, "Tetekuwanga gani?" Nikageuza. Njia nzima nikawa najiambia, mdogo wangu hataki kuniona mpaka ametunga ugonjwa. Miezi miwili nimetembea na hilo kifuani.

Pili, na hili ni la haraka: afisa asiende nyumbani. Mwambie aje hapa kazini aniulize mimi. Nitamweleza vizuri. Tafadhali usiniulize kwa nini.

Kaka yako

*

Bweni la Pili.
29 Mei

Kaka,

Barua yako imefika afisa akiwa ameshakwenda.

Aliniita leo asubuhi ofisini kwa matroni. Ni mwanamke mpole, alivua miwani kwanza. Akasema, "Binti, chumba ulichotaja kina mama mmoja na mapacha wake. Wamehamia tangu Novemba." Nikasema amekosea mlango. Akasema, "Nilimuuliza mwenye nyumba mwenyewe. Kaka yako hakai pale." Novemba, Kaka. Mwezi ule ule nilioletwa huku.

Nitakuambia nilichofanya. Meza ya matroni ina kioo juu. Nilikiona. Mkono ulikuwa umeshapanda. Nikaomba ruhusa nikatoka, nikazunguka uwanja, nikahesabu nguzo za uzio mpaka nikapotea hesabu. Moyo ulikuwa unaniambia vunja au toroka, vunja au toroka, zile mbili zangu. Nikaenda darasani nikafungua daftari ulilonitumia, nikaandika zote mbili ili zinyamaze. Halafu nikakaa tu. Muda mrefu. Profesa akaja akachungulia, akaondoka bila kusema neno, nikajua sura yangu ilikuwa mbaya.

Ya tatu niliyoandika ni hii: kumuuliza.

Kwa hiyo nakuuliza. Unalala wapi, Kaka?

Kiberiti

*

Chumba cha Kufulia.
5 Juni

Mdogo wangu,

Nalala stoo ya mablanketi, nyuma ya mashine za kukaushia. Mkuu wa zamu anajua na anajifanya hajui. Kuna joto, hakuna mbu. Naamka kabla zamu ya asubuhi haijaingia, nayakunja, naonekana nimewahi kazini kuliko wote. Wananisifu kwa bidii.

Siku uliyochukuliwa na polisi, jioni ile ile watoto wa Mama Mwenye Nyumba walitoa vitu vyetu nje. Sikubishana. Mama yao alikuwa amelazwa, uso mzima bandeji, ningebishana na nini? Godoro nililigawa. Cherehani ya mama nimeiweka kwa fundi viatu wa jirani.

Nilikudanganya kwa sababu kila nilipokaa kukuandikia niliona ukisoma "hatuna pa kukaa" halafu ukifanya lile unalolijua. Unaona? Na mimi nilidhani ungebaki daima vile ulivyokuwa siku ile.

Sasa sikiliza. Kuna mwenzangu hapa ana chumba kizuri. Atatuazima siku moja. Nitapanga vitanda viwili, afisa atarudi, atakagua, ataandika, wewe utatoka. Baada ya hapo tutajua la kufanya. Nijibu upesi.

Kaka yako

*

Bweni la Pili.
17 Juni

Kaka,

Sikukujibu upesi makusudi. Ningekujibu ungepanga vitanda.

Shauri limepitiwa jana, hapa hapa shuleni, ukumbi wa kulia. Hakimu, matroni, afisa, na mimi. Najua ulikuwa zamu. Harufu ya maharage ilikuwa kila mahali, hakimu akawa anafuta pua.

Akasoma faili, akaniuliza, "Mlezi wako anaishi wapi?"

Nikasema, "Kazini kwake, mheshimiwa. Hana chumba. Alikipoteza kwa sababu yangu."

Matroni akanigeukia. Hakimu akasema, "Unajua kwamba ukisema hivyo siwezi kukutoa leo?"

"Najua. Naomba usinitoe leo. Mtihani wa ushonaji ni Novemba. Niache niumalize nipate cheti, na kaka apate muda wa kutafuta chumba kwa utaratibu. Nikitoka sasa nitalala barabarani, na nikilala barabarani nitarudi hapa kwa kosa kubwa kuliko hili."

Aliweka kalamu chini. Akauliza, "Nani amekufundisha kusema haya?" Nikamwambia hakuna, niliandika njia saba kwenye daftari, sita zilikuwa mbaya. Akaomba alione daftari. Akalisoma lote, hata ile ya kuruka ukuta kwa shuka. Akaandika Novemba.

Usiku ule Profesa alipata habari kwamba yeye anatoka. Bweni zima lilimshangilia, mimi nilishangilia kwa sauti kubwa kuliko wote. Kisha nikapanda kitandani nikageukia ukuta. Sikuwa nimejua kufanya jambo sahihi kunaweza kumwacha mtu peke yake hivi.

Nimemwandikia Mama Mwenye Nyumba. Sikumwomba kitu. Nimemwambia kwamba yeye ndiye aliyetukana lakini jicho nimelitoa mimi, na kwamba haya mawili hayalingani.

Najua utakasirika. Kasirika, lakini uje Julai.

Kiberiti

*

2 Julai

Wewe binti,

Barua yako nimesomewa na mjukuu wangu, mara mbili, maana mara ya kwanza nilimwambia aache katikati.

Nilimsema mama yenu vibaya. Nilikuwa na hasira zangu za siku ile, ndoo zilikuwa zimezagaa koridoni nikajikwaa. Halikuwa neno la kumsemea marehemu. Hilo ni langu nitalibeba.

Jicho je? Siwezi kutunga uzi kwenye sindano. Nikimimina chai namwaga nje ya kikombe. Nikipita njiani watoto wananikodolea. Sijakusamehe. Nikisema nimekusamehe nitakuwa naongopa, na umri wangu huu sina haja.

Afisa aliniuliza kama napinga wewe kutoka. Nimesema sipingi.

Kaka yako anakuja kila Jumapili anachukua nguo zangu anakwenda kuzifua, anazirudisha zimepigwa pasi. Sikumtuma. Hasemi kitu, anaweka kikapu mlangoni anaondoka. Mwambie aache kuondoka upesi hivyo, siku nyingine kuna chai.

Mama Mwenye Nyumba

*

Chumba cha Kufulia.
10 Agosti

Mdogo wangu,

Unajua kwa nini sikuja Julai. Nilikasirika kama ulivyonipa ruhusa, na nikaizidisha. Mwezi mzima nilikuwa naongea na mashine: mlango umefunguliwa, yeye anasema asante, nitakaa! Mkuu wa zamu akaniuliza nagombana na nani.

Halafu juzi Jumapili Mama Mwenye Nyumba aliniketisha, akamwambia mjukuu wake anisomee barua yako. Sikuwa nimejua unaweza kuandika vile. Chai ilipoa mkononi. Tulikaa pale watatu, hakuna aliyeangalia mwenzake.

Kuanzia wiki hii nafanya zamu mbili siku tatu kwa wiki. Nimeona vyumba vinne. Cha kwanza kinavuja, cha pili mwenyewe anataka mke na mume tu, cha tatu sitakisimulia. Cha nne nasubiri jibu.

Nakuja Septemba. Safari hii usinitungie ugonjwa.

Kaka yako

*

Bweni la Pili.
23 Septemba

Kaka,

Asante kwa kuja. Umekonda. Sikusema pale kwa sababu ulikuwa umenyoosha shati vizuri sana.

Mama Kadi amemaliza utafiti wake. Juzi aliniita tena kwa zile kadi. Nilianza na rangi, ikawa sawa, ikafika mahali akasema si sawa. Nikasimama. Nikajaribu maumbo, sawa. Baadaye si sawa tena, nikajaribu idadi. Nilikosea njiani, lakini sikuganda. Mwishoni akasema, "Umeona ulichofanya?" Nikasema nimeona. Nikamuuliza, je, kitabu chake kitasema wasichana kama sisi tunaweza? Akasema kitasema wengine wameweza zaidi, wengine kidogo, na kwamba hajui kama itadumu tukishatoka. Nilipenda kwamba hakunidanganya.

Nilimshonea mfuko wa kadi, wa kitambaa cha buluu, wenye kifungo. Nilipanga kumpa Jumatano. Jumatano akaja kijana na gari, akabeba meza na masanduku. Yeye hakuja. Hatukuwa watoto wake, nilijua, tulikuwa kazi yake. Hata hivyo nilibaki nimeushika ule mfuko kama aliyekosa basi.

Kitanda cha chini bado kitupu. Nilidhani nitafurahia kimya. Jana nilijikuta nikimwambia kitanda habari za chakula cha mchana.

Mtihani ni tarehe kumi na nne Novemba. Sketi, shati la mikono mirefu, na kola. Kola ndiyo inayonitoa jasho. Nimeifumua mara tano, na mara zote tano sikurusha mkasi.

Kiberiti

*

21 Novemba, mezani

Mdogo wangu,

Karibu. Nimeandika haya asubuhi kabla ya kwenda kazini. Nimeomba ruhusa ya siku, nimenyimwa: watu wawili wanaumwa na shuka zimejaa mpaka mlangoni. Nimemsihi mkuu wa zamu, ameniambia afisa atakufikisha salama. Ufunguo nimemwachia mama wa chumba cha pili. Kama unasoma, basi umeupata.

Chumba ni kidogo. Ukifungua mlango wote unagonga kitanda chako, fungua nusu. Pazia nimelitundika kwa misumari, najua utalicheka. Cherehani ya mama nimeirudisha jana, mkanda wake umekatika, nitanunua mwingine. Wali na maharage viko kwenye sufuria yenye mfuniko mwekundu. Usinisubiri, kula. Maji ya kuoga ni yale ya ndoo ya kijani.

Natoka saa kumi na mbili jioni. Nitakuja mbio.

Kaka yako

*

21 Novemba, saa tisa, nyuma ya karatasi ile ile

Kaka,

Nimefika saa saba. Afisa alinisainisha, akanipa mkono, akaenda zake. Cheti nimekiweka chini ya mto wako kisikunjike.

Nimekula nusu. Nimeoga. Nimeketi kitandani kwangu, nikaketi kwako, nikasimama. Mwaka mzima sijawahi kuwa chumbani peke yangu, nilikuwa nalalamika kwamba hakuna nafasi hata ya kulia. Sasa nafasi ipo na sijui niiweke wapi mikono. Nilisubiri kengele ilie ili nijue la kufanya. Hakuna kengele hapa.

Nimejiambia nisubiri mpaka saa kumi na mbili. Nimejiambia nilale. Nimejiambia nishone, mkanda umekatika. Halafu nikamgongea mama wa chumba cha pili nikamuuliza hospitali iko upande gani. Ameniambia ni mwendo wa saa moja kwa miguu, mbele ya kituo cha mafuta, kisha kushoto. Ameniazima viatu vyake, vyangu vya shule vimekatika.

Nakuja huko. Nitasimama pale matoroli ya shuka yanapoingilia, nitakuona ukitoka.

Ukiikuta karatasi hii ujue tumepishana njiani. Usitoke tena kunitafuta, nakuomba. Kaa hapo hapo, kula nusu yako, acha mlango wazi. Nitarudi.

Mdogo wako